Tangi la Mafuta Likivuja: Mwongozo wa Kusafisha Udongo na Maji ya Ardhini kwa Dodoma na Kanda ya Kati

Maswali ni yale yale. Mwenye kituo cha mafuta anauliza kama akimwaga sabuni ya unga shimoni harufu itaondoka. Mwenyekiti wa jumuiya ya watumia maji anauliza kama maji ya kisima yanayonuka petroli yakichemshwa yanafaa kunywewa. Mhandisi kijana aliyetoka chuoni anauliza kama aanze na udongo au aanze na maji. Maswali mawili ya kwanza yana majibu mafupi: sabuni huyasaidia mafuta kushuka chini zaidi, na kuchemsha huhamisha sumu kutoka sufuriani kwenda kwenye hewa ya jikoni. Swali la tatu ndilo lililonifanya niandike mwongozo huu, kwa sababu kazi hii huharibika zaidi kwa kukosea mpangilio kuliko kwa kukosa mitambo.

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, vituo vya mafuta vimeongezeka kandokando ya barabara zote kuu zinazoingia jijini, na kila kituo kina matangi yaliyozikwa. Wakati huo huo jiji hili limelishwa kwa miongo mingi na visima virefu vya Mzakwe katika bonde la Makutupora, na kaya, shule na taasisi nyingi zimechimba visima vyake. Hatuna ziwa wala mto wa kudumu wa kukimbilia maji haya yakiharibika.

Mambo ya kuelewa kwanza

Petroli na dizeli ni nyepesi kuliko maji; lita moja ya petroli ina uzito wa takriban gramu 740, na ya dizeli takriban gramu 840. Mafuta yanayovuja hushuka katika udongo, sehemu yake hunaswa njiani, na yanayofika kwenye maji huelea juu yake na kutandaa. Kutoka kwenye hayo yanayoelea, kemikali za benzini, tolueni, ethilibenzini na zaileni huyeyuka kidogo kidogo na kusafiri pamoja na maji. Benzini ndiyo ya kuogopwa zaidi, kwa kuwa husababisha saratani ya damu, na Shirika la Afya Duniani limeweka mwongozo wa mikrogramu 10 tu kwa lita ya maji ya kunywa. Pua ya binadamu huanza kuinusa majini inapokaribia miligramu 10 kwa lita, yaani mara 1,000 ya kiwango hicho. Kwa hiyo mtu anayesema maji yake ni salama kwa sababu hayanuki hana ushahidi wowote.

Sehemu kubwa ya Dodoma imelala juu ya mwamba wa graniti, na maji hukaa katika mwamba uliooza na katika nyufa za mwamba mgumu ulio chini yake. Kumbukumbu za kina cha maji za Makutupora, zilizoanza kukusanywa miaka ya 1950, zinaonyesha kwamba maji haya hayajazwi sawasawa kila mwaka, bali hujazwa hasa na misimu michache ya mvua iliyopita kawaida, kama ile ya El Niño ya 1997/98. Hilo lina maana mbili kwetu. Maji yakichafuka, hayasafishwi upesi na maji mapya. Na msimu mmoja wa mvua kubwa unaweza kuyainua hadi kwenye udongo wenye mafuta ambao kwa miaka mingi ulikuwa juu yake, mkavu, usiomsumbua mtu.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mchoro wa kituo unaoonyesha matangi, mabomba, mitaro, mashimo ya nyaya na kila kisima kilicho ndani ya angalau mita 500, kikiwemo kile cha jirani ambacho hakitumiki tena.
- Daftari la dipu, yaani la vipimo vya kina cha mafuta tangini vinavyochukuliwa kwa kijiti cha kupimia, na la mauzo la mwaka mzima uliopita.
- Kipimo cha mvuke unaoweza kulipuka na, ukiweza kukodi, kipimo cha mkononi cha mvuke wa mafuta.
- Mitungi ya kuzimia moto ya unga, glavu za nitraili, viatu vya usalama na barakoa zenye kichujio cha mvuke. Barakoa ya vumbi haizuii benzini hata kidogo.
- Mapipa yenye vifuniko, karatasi za nailoni nzito na turubai.
- Chupa za sampuli zilizotolewa na maabara yenyewe, pamoja na kisanduku cha barafu. Zungumza na maabara kabla ya kuchukua sampuli. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ni mahali pazuri pa kuanzia.
- Mtaalamu wa maji ya chini ya ardhi na mtaalamu wa mazingira aliyesajiliwa. Mwongozo huu utakusaidia kuwaelewa na kuwasimamia, lakini hauchukui nafasi yao.

Hatua ya 1. Zuia uvujaji na uondoe hatari ya moto

Simamisha mauzo ya tangi linaloshukiwa, funga vali, kisha hamishia mafuta yaliyobaki kwenye boza au tangi lingine zima. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini na kukusanyika katika mashimo, makaro na mitaro, na huwaka ukiwa takriban asilimia 1.4 tu ya hewa. Pima mvuke katika kila shimo kabla mtu hajainama ndani yake, na usitishe kazi kipimo kinapofika asilimia 10 ya kiwango cha chini cha kulipuka, yaani sehemu ya kumi ya hiyo asilimia 1.4. Tangi lililotolewa mafuta ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu limejaa mvuke. Fundi asilikate kwa gesi wala kwa grainda mpaka lisafishwe, lijazwe hewa isiyowaka kama naitrojeni, na lipimwe.

Hatua ya 2. Toa taarifa, na uwazuie watu kutumia maji

Mjulishe afisa mazingira wa halmashauri, mamlaka ya mazingira ambayo wengi tunaijua kwa jina la NEMC, EWURA ambayo ndiyo inayodhibiti biashara ya mafuta, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Kwa upande wa maji, eneo la Makutupora liko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, na ukielekea Bahi na Singida utakutana na Bodi ya Maji ya Bonde la Kati. Kama kuna kisima cha umma karibu, mamlaka ya maji inayokiendesha iambiwe siku hiyo hiyo.

Majirani waambiwe ana kwa ana. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, mwombe mpite pamoja nyumba kwa nyumba, na ueleze kwa heshima kwamba maji ya visima vilivyo karibu yasinywewe, yasipikiwe wala kuogewa katika chumba kilichofungwa hadi yapimwe. Waambie pia kwamba dawa ya klorini huua vijidudu lakini haiondoi petroli. Mwenye kituo anayeficha jambo hili ili asiharibu biashara anawanywesha watoto wa watu sumu, nami sina neno laini zaidi la kulieleza.

Hatua ya 3. Hakikisha kwamba ni mafuta, na ujue yanatoka wapi

Anza na daftari. Linganisha mafuta yaliyopokelewa, yaliyouzwa na yaliyobaki kwa dipu, mwezi kwa mwezi. Kanuni za Marekani, ambako uvujaji wa matangi zaidi ya 500,000 umethibitishwa tangu miaka ya 1980, huchukulia tofauti ya mwezi kuwa ya kutiliwa shaka ikizidi asilimia 1 ya mafuta yaliyopita pamoja na galoni 130, yaani karibu lita 490. Kwa kituo kinachouza lita 150,000 kwa mwezi, hiyo ni karibu lita 1,990. Ina maana kwamba uvujaji mdogo unaoendelea usiku na mchana unaweza kujificha kabisa ndani ya hesabu zinazoonekana safi, na ndiyo sababu daftari peke yake halitoshi. Tangi na mabomba lazima vipimwe kwa kipimo cha kubana, yaani kuvifunga, kuvitia shinikizo na kuona kama linashuka. Kinyume chake, usipige kelele kwa tofauti ndogo ya siku moja, kwa sababu petroli hutanuka au hunywea kwa takriban asilimia 0.1 kwa kila nyuzi 1 ya joto, na mafuta yaliyoteremshwa mchana wa Oktoba hupungua kipimo yakipoa tangini.

Kisha angalia maji yenyewe. Wengi hushtuka wakiona utando wa rangi za upinde wa mvua juu ya maji ya dimbwi au ya kisima kifupi. Chukua kijiti kikavu na uukate utando huo katikati. Ukivunjika vipande vipande vyenye pembe, kama ukoko uliopasuka, na vipande visirudi kuungana, hiyo ni kazi ya bakteria wa chuma, jambo la kawaida katika maji yenye madini ya chuma. Ukijikunja kufuata kijiti, kisha ukaungana tena mara unapokiondoa, hayo ni mafuta. Kwa udongo, weka konzi moja katika chupa inayoonyesha, jaza maji nusu, tikisa, uache utulie. Mafuta yakiwa mengi yataonekana juu kama pete. Usiuweke udongo puani ili kuunusa, ingawa hivyo ndivyo kila mtu hufanya.

Hatua ya 4. Jua maji yanaelekea wapi

Hapa ndipo pa kutulia. Hatua hii huonekana kuchelewesha kazi na ndiyo inayorukwa mara nyingi. Ikirukwa, kila shilingi itakayofuata itatumika kwa kubahatisha.

Unahitaji visima vya uchunguzi visivyopungua vitatu, vilivyopangwa kama pembetatu na si kwa mstari mmoja: kimoja upande unaodhani maji yanatokea, viwili upande unaodhani yanaelekea. Bodi ya maji ya bonde itoe kibali kwanza. Mpima ardhi apime urefu wa kichwa cha bomba la kila kisima, yaani kimo cha mdomo wake wa juu kikilinganishwa na vingine, kwa usahihi wa milimita. Fundi wa ujenzi anaweza kupima usawa kwa mpira mwembamba uliojaa maji kama visima vimekaribiana sana, lakini kwa umbali wa makumi ya mita kosa la sentimita chache linatosha kukugeuzia mwelekeo wote. Baada ya hapo pima kina cha maji katika visima vyote siku moja, toa kina hicho kwenye urefu wa kichwa cha bomba, na utapata usawa wa maji katika sehemu tatu. Maji huelekea kwenye usawa wa chini.

Kama kuna mafuta yanayoelea, rekebisha kipimo, maana uzito wake umeyasukuma maji chini. Zidisha unene wa petroli kwa 0.74 na uongeze jibu kwenye usawa wa maji. Petroli ya sentimita 30, kwa mfano, inakudai uongeze sentimita 22. Unene wenyewe hupimwa kwa kipimo maalumu cha mpaka wa mafuta na maji, au, kisipopatikana, kwa futi ya chuma isiyotoa cheche iliyopakwa ile dawa ya kugundua maji ambayo kila msimamizi wa kituo huipaka kwenye dipu.

Makosa ya hatua hii ninayokuomba uyaepuke ni haya:

Kwanza, skrini, yaani sehemu ya bomba yenye matundu, kuwekwa yote chini ya usawa wa maji. Mafuta yanaelea juu. Hayataingia, na utaandika ripoti kwamba hakuna kitu. Skrini ianze juu ya usawa wa juu kabisa wa masika na ishuke chini ya usawa wa kiangazi.

Pili, kufuata mteremko wa ardhi. Katika graniti, maji hufuata nyufa, na ufa unaweza kukata mteremko kabisa. Tafiti zilizofanywa California miaka ya 1990 zilionyesha kwamba mikia mingi ya benzini, yaani maeneo ya maji machafu yanayotandaa kufuata mkondo wa maji ya ardhini, husimama kabla ya kufika mita 80 hivi kutoka kwenye chanzo, na takwimu hiyo hupenda kunukuliwa na wanaotaka kazi ifungwe mapema. Usiitumie juu ya mwamba wenye nyufa. Pima visima vyote vya mchoro wako, hata vya mbali.

Tatu, kutoboa kiholela. Tabaka la mfinyanzi au la chokaa ngumu linaweza kuwa limeyashikilia mafuta juu yake, na kisima kisichozibwa vizuri pembeni kwa saruji na bentonaiti (udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa) hugeuka mlango wa kuyapeleka chini. Kwenye udongo mweusi wa mbuga kuwa makini zaidi: wakati wa kiangazi hupasuka mipasuko mirefu inayopitisha mafuta moja kwa moja, na mvua zinapoanza Desemba huvimba na kufunika kila dalili juu ya ardhi.

Hatua ya 5. Chukua sampuli

Anza na kisima kisafi na umalizie na kichafu, ili usikichafue kisafi kwa vifaa vyako. Vuta maji polepole. Jaza chupa ndogo ya kioo ya mililita 40 hadi maji yatune mdomoni, funga, ipindue na uigonge kidogo kwa kidole. Ukiona kipovu cha hewa, rudia, kwa kuwa benzini huhamia ndani ya kipovu hicho na maabara itasoma kidogo kuliko kilichopo. Weka kwenye barafu mara moja, karibu nyuzi 4. Sampuli iliyowekewa asidi na maabara ipimwe ndani ya siku 14, isiyowekewa ndani ya siku 7. Chupa ya soda iliyooshwa haifai.

Omba vipimo vya zile kemikali nne (benzini, tolueni, ethilibenzini na zaileni) na vya jumla ya hidrokaboni za petroli, yaani kemikali zote zinazounda mafuta. Kama kituo ni cha zamani, ongeza risasi, kwa kuwa nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli yenye risasi kufikia mwanzo wa mwaka 2006, na risasi haiozi.

Hatua ya 6. Ondoa mafuta yanayoelea

Mhandisi kijana, jibu lako ni hili: anza na mafuta yanayoelea, kabla ya udongo na kabla ya maji. Kila siku yanapobaki juu ya maji, yanaendelea kuyatia sumu, na kusafisha maji yaliyo chini ya mafuta hakuna mwisho.

Yakiwa machache, yachote kwa kichoteo cha kisima kwa ratiba isiyokatika. Yakiwa mengi, tumia pampu inayoendeshwa kwa hewa au chombo cha kukwangua juu ya maji. Pampu ya kawaida ya umeme ya kisima isitumbukizwe kwenye petroli, hata kwa dakika moja. Unene unaouona kisimani huwa mkubwa kuliko ulio ndani ya ardhi, mara nyingine kwa kiasi kikubwa sana, kwa hiyo usiutumie kukisia lita ulizopoteza.

Kosa kubwa hapa ni kuvuta maji kwa nguvu ili mafuta yaje haraka. Usawa wa maji ukishushwa mno, mafuta hufuata chini na kujipaka kwenye udongo na nyufa zilizokuwa safi. Maji yakirudi juu, yanabaki yamenaswa humo na hutayavuta tena. Vuta taratibu. Mafuta yaliyopatikana yatiwe katika mapipa yenye lebo na kukabidhiwa kwa mwenye kibali cha taka hatarishi. Yasiuzwe, wala yasitiwe kwenye jenereta.

Hatua ya 7. Safisha udongo

Kama mafuta ni petroli na udongo ni wa kichanga au mwamba uliooza, njia bora mara nyingi ni kuvuta mvuke bila kuchimba. Mabomba yenye matundu huzikwa juu ya usawa wa maji, mashine ya kuvuta hewa yenye mota isiyotoa cheche huunganishwa, na mvuke hupitishwa kwenye mkaa amilifu, yaani mkaa ulioandaliwa maalumu kunasa kemikali, kabla ya kutolewa. Tarajia miezi 6 hadi miaka 2. Katika mfinyanzi wa mbuga njia hii hufanya vibaya kwa kuwa hewa haipiti, na kwa dizeli ni dhaifu kwa kuwa dizeli haigeuki mvuke kwa urahisi.

Udongo unaolazimika kuchimbwa, hasa ule unaozunguka tangi, usafishwe kwa bakteria katika tuta. Hii ndiyo njia ninayoipendelea kwa mkoa wetu, kwa sababu joto letu linawafaa bakteria mwaka mzima na vitu vingi vinavyohitajika vipo.

1. Tandika nailoni nzito juu ya ardhi iliyosawazishwa, kingo zake ziinuliwe, na mteremko mdogo uelekeze maji yanayochuruzika kwenye pipa.
2. Vunja mabonge. Udongo ukiwa wa mfinyanzi, changanya maganda ya karanga au ya alizeti ili hewa ipite.
3. Panga tuta lisilozidi mita 2 kwenda juu, huku ukilaza mabomba yenye matundu ndani yake. Kama huna mashine ya hewa, tandaza udongo kwa unene wa sentimita 30 hadi 45 na uugeuze kila wiki.
4. Ongeza mbolea kwa uwiano wa kaboni 100, naitrojeni 10 na fosforasi 1. Chukua mfano wa meta za ujazo 100 za udongo, karibu tani 160, zenye hidrokaboni miligramu 5,000 kwa kilo. Humo mna mafuta kilo 800, yaani kaboni karibu kilo 680. Zinahitajika naitrojeni kilo 68 na fosforasi kilo 6.8. DAP kilo 34 na yurea kilo 135 hutosheleza. Gawa katika awamu tatu au nne zilizoachana kwa wiki kadhaa. Ukimwaga zote mara moja, chumvi huwadhoofisha bakteria na naitreti inaweza kuchuruzikia majini.
5. Nyunyizia maji. Finyanga konzi ya udongo: ushikamane bila kudondosha maji. Upepo wa Dodoma hukausha tuta upesi kuliko unavyodhani, hivyo lifunike kwa turubai na ulikague mara kwa mara.
6. Pima kila mwezi, kutoka sehemu mbalimbali za tuta na siyo juu tu.

Udongo wenye hidrokaboni zaidi ya miligramu 50,000 kwa kilo huwalemea bakteria. Uchanganye kwanza na ule uliochafuka kidogo kutoka eneo hilo hilo. Usitumie udongo safi ili tu kushusha namba, kwani huko ni kuongeza uchafu kwa ujazo. Tuta liwekewe uzio dhidi ya watoto na mbuzi, na mtu asiruhusiwe kuchukua udongo kwa ajili ya tofali au kujazia kiwanja. Kupakia udongo kwenye lori na kuumwaga korongoni nje ya mji ni kuhamisha tatizo hadi kwa watu wasio na habari, na mvua ya kwanza italipeleka mbele zaidi.

Kiwango cha kufikia kiandikwe na kukubaliwa na mamlaka ya mazingira kabla ya kuanza, kwa kurejea Kanuni za Viwango vya Ubora wa Udongo za mwaka 2007.

Hatua ya 8. Safisha maji

Chanzo kikiisha kuondolewa, kuna njia tatu za kuzifikiria. Kupuliza hewa chini ya usawa wa maji huyafukuza mafuta yaliyoyeyuka na kuwapa bakteria oksijeni, lakini ifanyike pamoja na kuvuta mvuke, na isifanyike karibu na vyumba vya chini au makaro. Kuvuta maji na kuyachuja hufaa zaidi kuzuia mkia wa uchafu usifike kwenye kisima cha watu. Tumia vichujio viwili vya mkaa amilifu vilivyofuatana na upime maji kati yake, ili cha kwanza kikishiba cha pili kiwe bado kinalinda. Ya tatu ni kuuacha ufifie kwa kazi ya bakteria wa ardhini huku ukipima. Njia hii ni halali pale tu vipimo vinapoonyesha kwamba mkia unapungua na hakuna kisima cha kunywa mbele yake. Kukaa bila kufanya kitu na kuita hivyo ni udanganyifu.

Maji yaliyochujwa yasimwagwe mtoni au mtaroni bila kibali.

Hatua ya 9. Zima, subiri, pima tena

Namba zikishuka, zima mitambo na uache miezi kadhaa kabla ya kupima. Mafuta yaliyonaswa katika mfinyanzi na nyufa hutoka polepole, na namba hupanda tena. Pima kila robo mwaka kwa angalau mwaka mmoja, ili upate masika na kiangazi, na kama mvua za mwaka huo zilikuwa haba, endelea hadi baada ya msimu wa mvua nzuri.

Mambo yakikwama

*Mafuta yaliyokuwa yakielea yametoweka baada ya mvua.* Hayajaisha. Maji yamepanda na kuyafunika ndani ya udongo, yatarudi kiangazi. Endelea kupima benzini na usiondoe vifaa.

*Tuta halishuki namba.* Kagua unyevu kwanza, kisha hewa, kisha mbolea, kwa mpangilio huo. Kama umechanganya samadi, waombe maabara watenganishe mafuta na mabaki ya asili ya mimea, kwa kuwa kipimo cha jumla huyahesabu yote pamoja.

*Mashine ya kuvuta mvuke inavuta maji.* Usawa wa maji umepanda au nguvu ya kuvuta ni kubwa mno. Punguza nguvu, weka chombo cha kunasa maji kabla ya mashine, na ufunge kwa muda mabomba ya chini.

*Kichujio au mtambo wa hewa unaziba kwa ukoko mweupe au wa kutu.* Maji yetu mengi ni magumu na yana madini. Pima ugumu na chuma kabla ya kuchagua mtambo, na uweke ratiba ya kuusafisha kwa asidi hafifu.

*Majibu ya maabara mbili hayafanani.* Uliza tarehe ya kupima, joto la kisanduku kilipofika, na kama chupa zilikuwa na vipovu. Mara nyingi tofauti hutokana na uchukuaji wa sampuli. Rudia ukiwa na sampuli pacha.

*Kisima cha karibu ni safi na cha mbali kimechafuka.* Huenda ufa wa mwamba umekipita cha karibu, skrini yake iko chini mno, au kuna chanzo kingine: kituo jirani, gereji, au tangi la zamani lililosahauliwa chini ya kiwanja kilichojengwa upya. Waulize wazee wa mtaa palikuwa na nini kabla ya jengo lililopo, kisha pima usawa wa maji upya ukikijumuisha kisima hicho.

*Benzini imerudi juu mwaka mmoja baada ya kufunga kazi.* Rudi Hatua ya 3 na upime mabomba upya kwa kipimo cha kubana, hasa viungio vilivyo chini ya pampu, kabla hujamlipa mtu yeyote kuwasha mitambo ya kusafisha maji.